Wingu Likitanda Dar es Salaam

Mwaka mmoja, mwezi Machi, nilikwenda Dar es Salaam kumsalimu mdogo wangu. Yeye anakaa Mbagala, katika wilaya ya Temeke. Nyumba yake iko bondeni, karibu na mto Kizinga. Kijijini nilikotoka tulikuwa tunangoja mvua. Mashamba yalikuwa yamelimwa. Mbegu zilikuwa tayari. Kila asubuhi tulitoka nje na kutazama juu.

Siku ya pili, alasiri, nilikuwa nimeketi kibarazani pale Mbagala. Wingu jeusi lilitanda upande wa Pugu. Upepo wa baridi ukapita, na vumbi likaruka. Nilifurahi sana. Nikasema kwa sauti, "Shemeji, leo tutapata mvua!"

Shemeji yangu alikuwa anachambua mchele. Hakunijibu. Alitazama lile wingu, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nikasikia vitu vinaburutwa. Nilipochungulia nilimwona amepandisha godoro juu ya meza. Unga ameuweka juu ya kabati. Madaftari ya watoto ameyafunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuyaning'iniza kwenye boriti. Mtoto mdogo alikuwa anamfuata nyuma, ameshika gauni la mama yake, hasemi neno.

"Shemeji," aliniambia, "huku mvua hatuiiti."

Usiku ule mvua ilinyesha kidogo tu. Maji hayakuingia ndani. Lakini hakuna mtu mzima aliyelala. Mdogo wangu alikaa mlangoni na tochi, akimulika mfereji kila mara. Asubuhi alikwenda kazini macho yamekuwa mekundu. Kabla ya kutoka alinifokea kwa sababu nilikawia bafuni. Mdogo kumfokea kaka yake! Tangu tukiwa watoto hajawahi kufanya hivyo. Nilikasirika, nikataka kufunga mzigo wangu nirudi nyumbani.

Sikurudi. Nilikaa majuma matatu, nikazunguka Temeke na Kinondoni. Nilikuwa nataka kujua jambo moja. Wingu lilikuwa moja. Mimi nililiona nikacheka. Shemeji aliliona akabeba godoro. Kwa nini?

Mji ulivyo

Ndugu msomaji, labda hujafika Dar es Salaam, au ulifika zamani. Mwaka 1978 watu wa mkoa huo walihesabiwa wakawa 843,090. Mwaka 2022 walihesabiwa tena wakawa 5,383,728. Pwani haikuongezeka. Milima haikuongezeka. Watu waliongezeka, na kila mtu alitafuta mahali pa kuweka kitanda. Zamani wilaya zilikuwa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke.

Wengi tunadhani mji huu ni uwanda mtupu. Sivyo. Una vilima na mabonde mengi. Mto Msimbazi unatoka katika vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Upande wa Temeke kuna mito ya Kizinga na Mzinga. Upande wa Kinondoni kuna Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta na Mpiji. Wakati wa kiangazi mingi kati ya mito hii ni kama mfereji tu. Mtoto anaivuka bila kulowa magoti. Mtu mgeni anaona kiwanja cha bei ndogo kando yake, ardhi nyeusi na laini, naye anajenga.

Mvua za Dar es Salaam huja mara mbili kwa mwaka. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei. Vuli ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa mwaka mzima mvua hupita milimita 1,000. Mwezi wa Aprili peke yake hupata zaidi ya milimita 200. Mvua kama hiyo ikinyesha shambani, udongo huinywa. Ikinyesha mjini, inaanguka juu ya mabati, saruji na lami, na haina mahali pa kuingia. Basi inatafuta bonde. Na bondeni kuna watu.

Joto la kaskazi

Nilifika mwishoni mwa kaskazi. Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hadi Machi. Huu ndio wakati wa joto kuu. Mchana wa Februari joto hufika nyuzi 32 hivi. Usiku hewa haipoi sana.

Wewe unaweza kusema, "Nyuzi 32 si kitu. Kwetu Dodoma jua ni kali zaidi." Ni kweli, lakini kuna jambo la unyevu. Mwili wa mtu hujipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi, huondoka pamoja na joto. Kule bara hewa ni kavu, jasho hukauka upesi. Pwani hewa imejaa maji ya bahari. Jasho halikauki. Linatiririka tu, na mwili unabaki na moto wake.

Nyumba nazo zinaongeza taabu. Bati hunywa jua mchana kutwa na kulishusha chini kwa watu. Babu zetu wa pwani waliezeka kwa makuti, na hewa ilipita kati ya makuti. Siwalaumu wenye mabati, maana makuti huvuja, hushika moto na lazima yabadilishwe mara kwa mara. Lakini nyumba ya bati isiyo na dari, yenye dirisha dogo, na ukuta wa jirani uko hatua mbili tu, ni tanuri. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo usingizi uje. Usipopoa, mtu anagaragara mpaka alfajiri.

Basi niliona watu wanavyoishi kwa kufuata joto. Mchana mtaa unanyamaza. Muuza duka anasinzia juu ya mizani. Wazee wamehamisha bao lao mara tatu, wanafuata kivuli cha mwembe. Mafundi wanaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kulala kidogo saa saba. Jioni ndipo mtaa unapofufuka. Mama anatoa mkeka nje. Watoto wanapiga kelele. Muuza mihogo wa kuchoma anapuliza moto wake. Umeme ukikatika na feni zikasimama, utasikia mtaa mzima unaguna pamoja, kama mtu mmoja.

Niliona pia ugomvi. Ndani ya daladala ya kwenda Mbagala Rangi Tatu, saa tisa mchana, watu wawili walipigana makumbo kwa ajili ya dirisha. Mmoja alitaka lifunguliwe zaidi, mwingine alikuwa ameegemea hapo. Walitukanana mpaka Mtoni. Jioni, gari la aina ile ile, watu wale wale waliochoka, lakini upepo wa bahari ulikuwa umeanza kuvuma. Kondakta alichelewesha chenji, na abiria wakamtania tu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2013 Wamarekani watatu, Solomon Hsiang, Marshall Burke na Edward Miguel, walikusanya tafiti 60 zilizofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kuwa joto likizidi kawaida yake, magomvi na vita huelekea kuongezeka. Mimi nakubali. Lakini nina neno langu. Nilimsikia mtu mmoja Tandika akisema alimpiga mkewe kwa sababu ya joto. Joto halina mkono. Jirani yake alikaa chini ya bati lile lile, na usiku ule alimpepea mkewe kwa ungo.

Kuna nchi ambazo taabu yao ni kinyume cha yetu. Kule Norway na Finland, wakati wa baridi, jua hutoka kwa saa chache tu. Sehemu nyingine halionekani kabisa kwa majuma mengi. Baadhi ya watu hunyong'onyea, hulala mno, hawataki kazi wala mazungumzo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika habari za ugonjwa huu. Dawa yake mojawapo ni kuketi asubuhi mbele ya taa kali. Nilimweleza muuza mihogo wa Mbagala kwamba kuna watu wananunua taa ili wapate jua. Alicheka mpaka akaangusha kipepeo chake. "Waambie waje," alisema. "Letu tutawapa bure."

Upepo wa nani?

Upepo wa bahari ninaousema huja kila siku kwa sababu rahisi. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya baharini huja kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kwanza, na upepo huelekea baharini. Wavuvi huuita upepo huo umande. Ndio huwatoa pwani alfajiri, na upepo wa mchana huwarudisha.

Lakini upepo huo haufiki sawasawa kwa watu wote. Wakati wa ukoloni Waingereza waliweka mtaa wa Wazungu pale Oyster Bay, penye upepo. Viwanja vilikuwa vikubwa, miti mingi, nyumba ziko mbalimbali. Waafrika walipewa viwanja vidogo Ilala, Temeke na Magomeni. Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi uliondolewa. Upepo haukuhamishwa. Leo mtu yeyote anaweza kukaa Oysterbay, iliyo wilaya ya Kinondoni, akiwa na fedha. Nilipita pale saa nane mchana. Mlinzi alikuwa amelala chini ya mti, kanzu yake inapepea. Saa ile ile kule Manzese, ambako zamani kulikuwa ndani ya Kinondoni hiyo hiyo, nilikuta watoto wamelala sakafuni kifua wazi, wanatafuta ubaridi wa saruji.

Nilikwenda pia Kunduchi, kaskazini ya mji, kwa wavuvi. Hawa hawasemi Januari wala Julai. Wanasema kaskazi na kusi. Kusi huanza Aprili au Mei, na huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti. Kwa watu wa mitaani huo ndio wakati wa raha. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Watu wanalala vizuri na kujifunika shuka. Harusi nyingi hufanywa wakati huo, na mdundiko wa Wazaramo hupita mitaani bila kuogopa mvua.

Kwa mvuvi mwenye ngalawa mambo ni mengine. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu chini ya mkungu. Aliniambia kuwa kusi likikaza, bahari huchafuka na vyombo vidogo hubaki pwani. Wanaume wanakaa bila kazi siku tatu, siku nne. Deni la dukani linapanda. "Hapo ndipo tunaposhika makosa ya wenzetu," alisema. "Mwaka mzima jirani yako anakohoa usiku, husikii. Kusi likikuweka nyumbani, unamsikia." Halafu huja tanga mbili, wakati pepo zinapobadilika na bahari inakuwa shwari. Samaki wanapatikana, na kikohozi cha jirani kinasahauliwa.

Desemba 2011

Sasa nirudi kwenye lile godoro.

Mwaka 2011, Desemba 9, tulisherehekea miaka 50 ya Uhuru wa Tanganyika. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 20, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam kwa siku tatu. Msimbazi ulijaa ukatoka kingoni. Watu walipanda juu ya mapaa wakangoja kuokolewa. Watu 40 hivi walikufa. Maelfu walipoteza nyumba Jangwani, Kigogo, Hananasif na sehemu nyingine za bonde.

Serikali iliwahamisha wengi wa watu wale na kuwapa viwanja Mabwepande, wilaya ya Kinondoni, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya mji. Walianza katika mahema. Nilikwenda huko. Ni mahali pa juu, penye nafasi. Kuna miembe, na ndege wanasikika asubuhi. Nilizungumza na mama mmoja aliyetoka bondeni. Nilimwuliza kama anapapenda. Alifikiri kwanza.

"Usiku wa hapa ni mzuri," alisema. "Mchana ndio mgumu."

Maana yake ni hii. Usiku mvua ikinyesha, anajigeuza na kuendelea kulala. Mchana soko liko mbali, nauli ni kubwa, na wateja wake wa vitumbua walibaki Magomeni. Ndiyo sababu baadhi ya wenzake waliuza viwanja vyao wakarudi bondeni. Watu wa mjini waliwaita wajinga. Mimi nilipokuwa kijijini niliwaita hivyo hivyo. Sasa siwaiti. Mtu anayerudi bondeni hajasahau maji. Amepima hofu ya siku chache za mvua na njaa ya kila siku, akachagua hofu.

Hata hivyo hofu ile inakula mwili. Mama yule alisema mwanawe alikuwa na miaka sita wakati wa mafuriko. Kwa miaka mingi baadaye, mvua ikigonga bati, mtoto alikuwa anavaa viatu na kukaa karibu na mlango. Hakuna aliyemfundisha. Nilimkumbuka yule mtoto wa Mbagala aliyeshika gauni la mama yake.

Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa wa Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022. Mpango ni kupanua njia ya maji, kuinua daraja la Jangwani, kulipa fidia kwa watu wa bondeni, na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani. Kizinga na Mzinga nazo zina watu wanaosubiri.

Usidhani kila mvua ya Dar es Salaam ni msiba. Oktoba 2022 mto Ruvu, unaoupatia mji maji mengi ya bomba, ulipungua sana. Maji yalitolewa kwa zamu. Watu waliamka usiku wa manane kupanga ndoo, na foleni zilikuwa na maneno makali kuliko ya daladala. Mvua ilipokuja, hata watu wa bondeni waliweka masufuria nje.

Mvua ya kawaida huleta hata udugu. Mimi mwenyewe nilinaswa na mvua Mwenge, nikakimbilia kwenye baraza la duka. Tulikuwa watu 15 hivi, hatujuani. Katika dakika kumi tulikuwa tumejua nani anatoka Songea, nani ana mgonjwa hospitali, na nani ameachwa na mchumba. Mvua ilipokatika kila mtu alikwenda zake. Hakuna aliyeaga, kana kwamba mvua ndiyo iliyotuunganisha na imeondoka na mazungumzo yake.

Mti mmoja

Jambo la mwisho nililoliona ni miti. Mbagala na Chamazi za zamani zilikuwa mashamba ya mikorosho, minazi na miembe. Mingi imekatwa kwa ajili ya nyumba. Pale mti ulipoachwa, pana watu. Fundi baiskeli yupo chini yake. Mama ntilie yupo. Wazee wa bao wapo. Mkutano wa mtaa hufanyika hapo, na hata wanaogombana hupelekwa hapo wakapatanishwe. Nilihesabu mtaa mmoja wenye nyumba 30. Ulikuwa na mwembe mmoja tu, na mwenye kiwanja alikuwa anafikiria kuukata ajenge vyumba vya kupangisha. Majirani walikuwa wamemwendea mara mbili.

Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, aliandika habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja. Nusu yao walilala vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu walitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema kidogo, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Niliwasimulia wazee wa bao habari hii. Mmoja alisema angependa kujua aliyekaa ukutani alikuwa mgonjwa wa namna gani. Swali zuri. Ulrich alikuwa amewalinganisha wagonjwa wawili wawili, wanaofanana kwa umri na mambo mengine. Mzee alitikisa kichwa, akasema basi apelekewe habari yule mwenye mwembe.

Nilipoondoka mwembe ulikuwa bado umesimama. Siku ya kuondoka mdogo wangu alinisindikiza kituoni Mbagala. Hakusema samahani kwa maneno. Alinibebea mzigo wangu mpaka ndani ya basi, akaninunulia maji na machungwa, akasimama dirishani hadi gari lilipoondoka. Nami nilimwambia kuwa kijijini bado kuna eneo la baba yetu, halijagawanywa, na liko mlimani. Alisema atafikiri. Ana kazi Kurasini na watoto wako shuleni.

Siku hizi mvua ikinyesha kwetu kijijini natamani kuchukua jembe mara moja. Lakini kwanza napiga simu Mbagala. Siulizi habari za kazi. Nauliza godoro liko wapi. Shemeji akinijibu kuwa liko kitandani, nakwenda shambani.